Gunia Lililovishwa Kilemba

Lori la viazi likifika kwenye kizuizi cha ushuru kaunti ya Nyandarua, karani hutoka kibandani na mashine yake ndogo ya risiti, akalizunguka lori mara moja, akahesabu. Safu ngapi chini, ngapi juu, mangapi yamelazwa nyuma karibu na mlango. Dereva humtajia idadi, karani humtajia nyingine iliyo kubwa kidogo, wakakutana katikati, risiti ikatoka, kizuizi kikainuliwa. Sijawahi kumsikia karani akiuliza gunia lina kilo ngapi. Kwa nini aulize? Ametumwa kuhesabu magunia, na magunia ameyahesabu.

Nimeandika mara kadhaa kuhusu mabroka, wale madalali wanaonunua viazi shambani na kuvipeleka mjini, na kila nikiandika wasomaji huniunga mkono kwa hasira, kwani nani asiyependa kumlaani broka? Leo nataka kumwacha kidogo nimtazame karani. Nimefika mahali pa kuamini kwamba gunia kubwa linalomkamua mkulima wa viazi lina wazazi wengi, na mmoja wao ni serikali ya kaunti yenyewe, ambayo kila mwaka hupitisha ratiba ya ada ikiandika "kwa gunia" mahali ilipopaswa kuandika "kwa kilo".

Nyandarua ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili kwa sababu huko kila kitu hurudi shambani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 638,289 kwenye kaunti hiyo iliyobanwa kati ya milima ya Aberdare na Bonde la Ufa, kuanzia Kinangop hadi Ndaragwa. Ni nchi ya baridi, mahali pengi pakiwa juu ya mita 2,000, na usiku wa manane jalidi inaweza kuchoma shamba zima la viazi likaamka jeusi. Zamani ilikuwa sehemu ya nyanda walizojitengea walowezi wa Kizungu. Baada ya 1962 mashamba hayo yakakatwakatwa na kugawiwa familia za Waafrika katika mpango wa ekari milioni moja. Wajukuu wa familia hizo ndio leo wanaolima viazi, kabichi, karoti na minji, na wanaokamua ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba. Hakuna kiwanda kikubwa cha kuwaajiri vijana wote. Duka la nguo za mitumba, kinyozi, bodaboda, kibanda cha chai, duka la dawa za mifugo, ada ya shule: vyote husubiri viazi vitoke.

Sasa tazama viazi vinavyotoka. Gunia hujazwa hadi mdomoni kama gunia lolote. Kisha, badala ya kushonwa, huunganishwa juu yake kipande cha gunia jingine au wavu, viazi vikaendelea kumiminwa, kamba ikazungushwa huku na huku mpaka gunia likaota kichwa cha pili. Wenyeji wameliita mukorino, kwa mfano wa waumini wa Akorino wanaofunga vilemba vyeupe. Jina zuri kuliko kitu chenyewe. Gunia ambalo macho yanalitambua kama moja hubeba kilo 150, na mengine hupita hapo. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja.

Waswahili husema mtu amevikwa kilemba cha ukoka, yaani amesifiwa sifa zisizo na kitu ndani. Lakini kilemba kina maana nyingine ya kale, ile ya malipo ya heshima anayopewa mwalimu au mzee kabla shughuli haijaendelea. Kilemba cha gunia la viazi kina maana zote mbili: mkulima anaambiwa ameuza gunia kwa bei nzuri, na papo hapo ametoa malipo ambayo hakuna aliyeyataja.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukulia bei shambani ni shilingi 3,000 kwa gunia. Gunia likiwa la kilo 90, kila kilo imeuzwa shilingi 33. Likivishwa kilemba likafika kilo 150, kila kilo imeuzwa shilingi 20. Redioni asubuhi mtangazaji atasema bei ya viazi ni 3,000, na jirani aliye upande wa pili wa mto atasikia 3,000, na wote wawili watadhani wanazungumza jambo moja. Bei isiyo na uzito ni uvumi tu, na kwa uvumi huo watu hupanga watapanda ekari ngapi msimu ujao.

Kwa nini gunia linakua? Jibu la haraka ni tamaa ya broka. Tamaa ipo, sikatai, lakini hata muuza simu ana tamaa na bado hawezi kukulipa simu moja ukampa mbili. Jibu linalonishawishi zaidi nimelipata kwa kumfuata gunia na kuuliza kila mtu analipwa kwa kipimo gani. Vibarua wanaochimba na kujaza mara nyingi hulipwa kwa gunia. Mshonaji hulipwa kwa gunia. Anayelipakia kwenye lori hulipwa kwa gunia. Mwenye lori hutoza nauli kwa gunia. Karani wa kaunti hutoza kwa gunia. Likifika Nairobi, kwenye soko la Wakulima ambalo watu wa mjini bado wanaliita Marikiti, kuna ada ya kuingia na kuna hamali wa kulishusha, nao huhesabu magunia. Kwa hiyo mtu mwenye akili ya biashara, hata angekuwa mcha Mungu wa namna gani, ataona faida ya kutia viazi vingi iwezekanavyo ndani ya kitu kinachohesabiwa moja. Kila mkono uliosimama njiani ukidai ada kwa gunia umemsukuma kulipanua gunia.

Anayelifungua hatimaye ni mama mboga. Yeye humimina kiazi kwenye kidebe, kidebe hadi kidebe, na baada ya wiki moja ya biashara anajua bila daftari kwamba gunia la Jumanne lilitoa videbe vitatu zaidi ya gunia la Alhamisi. Katika safari nzima kutoka Kipipiri hadi kibanda cha Githurai, huyo ndiye mtu wa kwanza kupima alichonunua. Na anapima kwa mkebe!

Rudi sasa kwa karani wetu. Lori limebeba tani 10. Kama magunia ni ya kilo 50, kama sheria inavyotaka, yapo 200. Kama yamevishwa vilemba vya kilo 150, yapo kama 67. Chukulia ada ni shilingi 20 kwa gunia, kwa mfano tu. Lori la kwanza linalipa shilingi 4,000, la pili linalipa 1,340. Mzigo ni uleule, barabara iliyochakazwa ni ileile, viazi ni vilevile. Serikali ya kaunti imemtoza aliyetii sheria mara tatu ya aliyeivunja, kisha jioni gavana yeyote atakayekuwepo atasimama jukwaani kuwakemea mabroka kwa magunia makubwa. Mimi nikiwa broka ningempigia makofi, nikapanda lori langu nikaenda zangu.

Sheria haikosekani, na hapa ndipo mambo yanaponichosha. Mwaka 2005 kanuni za serikali ziliweka gunia la viazi kuwa kilo 110. Halikufuatwa. Ikaja Sheria ya Mazao ya 2013, kisha Kanuni za Viazi za 2019, na sasa gunia halali halipaswi kupita kilo 50. Kila mara huwa na wiki chache za msisimko: maafisa wanasimamisha malori, kamera za televisheni zinafika, magunia yanamwagwa barabarani. Baadaye maafisa wanarudi ofisini, na malori ambayo yalikuwa yamehamia kwa wakulima wa kaunti jirani yanarejea na kamba zao. Kaunti moja ikikaza peke yake, broka huenda Nakuru, Narok au Meru, na mkulima wa Nyandarua hubaki na viazi vyake vyenye kilo sahihi na bila mnunuzi.

Kilo 50 hazikuchaguliwa kwa bahati. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usizidi kilo 55. Ukiona vijana wa Marikiti wakiinama chini ya gunia lenye kilemba, mmoja akiwa mbele akipiga kelele "pisha, pisha", hutahitaji kusoma pendekezo hilo. Wengi wao hawajafika miaka 40 na migongo yao bado ina kazi.

Na sasa nije kwenye maziwa, kwa sababu maziwa ndiyo yaliyonifungua macho.

Mkulima yuleyule, mwenye shamba lilelile, huamka alfajiri akakamua. Hupeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika au humpa mwenye pikipiki ayapeleke. Kituoni kuna mizani. Maziwa humiminwa, uzito ukasomwa kwa sauti, ukaandikwa kwenye daftari la kituo na kwenye kadi ya mkulima. Kabla ya hapo mpokeaji ametumbukiza kipimo cha kugundua maji, kwani wapo wanaojaribu, na ndoo iliyochanganywa hurudishwa mbele za watu, fedheha ambayo kijiji kizima huijadili hadi Jumapili. Mwisho wa mwezi mkulima hupata karatasi inayosema: kilo kadhaa, bei kadhaa, makato ya chakula cha ng'ombe kadhaa, akiba kadhaa, kilichobaki kadhaa. Kwa karatasi hiyo huenda kwenye chama cha akiba na mikopo, na karani wa huko, bila kumjua, anaweza kumkopesha fedha za kununua tangi la maji.

Mtu huyohuyo saa nane mchana anauza viazi kwa macho. Hana karatasi. Akienda kukopa akaseme anauza magunia 40 kwa msimu, karani wa mikopo atamuuliza magunia ya namna gani, na hapo mazungumzo yameisha. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee, na nadhani walikuwa wamewahi kuuza viazi.

Tofauti hiyo hailetwi na ujinga wa mkulima. Mkulima huyo anajua sana kilo. Mbolea anainunua kwenye mfuko wa kilo 50 ulioandikwa hivyo; ile ya ruzuku serikali iliishusha hadi shilingi 3,500 kwa mfuko mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023, na hakuna aliyewahi kumwambia ataongezewa kilemba cha mbolea juu. Mbegu zilizoidhinishwa nazo huja kwenye mfuko wa kilo 50. Anaponunua, dunia nzima ina mizani. Anapouza, mizani inapotea.

Kinachotofautisha ni kwamba maziwa yalipata chombo cha pamoja mapema. Kampuni ya maziwa ya KCC iliundwa mwaka 1925 na walowezi kwa manufaa yao wenyewe, ni kweli, lakini ilizoesha nchi hii wazo kwamba maziwa hupimwa, hukaguliwa na hulipwa kwa hati, na vyama vya ushirika vya Waafrika vilipoingia baadaye vilikuta desturi tayari imesimama. Viazi havikupata bahati hiyo. Viliachwa kwa mtu mwenye lori.

Zao lenyewe nalo halimsaidii mwenye kulilima. Aina inayopendwa mno ni Shangi: hukomaa kwa takriban miezi mitatu, huiva upesi jikoni, na chipsi zake zina ladha. Lakini Shangi haina usingizi mrefu. Ukiichimba ukaiweka, baada ya wiki chache imeanza kuchipua. Ukiiacha kwenye mwanga inageuka kijani na kuwa chungu. Mwenye mahindi anaweza kumwambia mnunuzi "rudi mwezi ujao". Mwenye Shangi hana mwezi ujao. Broka anayajua haya vizuri kuliko afisa wa kilimo. Anajua pia ni wiki gani shule zinafunguliwa, na anajua ni barabara ipi imegeuka tope mwezi wa Aprili kiasi kwamba lori lake ndilo pekee lililothubutu kuingia. Akiketi kwenye ukingo wa shamba akasema, "Mama, mimi nimekuja na magunia yangu, usipotaka jirani anataka," huyo mama hana la kusema ila kuuliza atalipwa kwa simu au kwa noti.

Niseme neno la haki juu ya broka, maana nimemwacha asemwe vibaya kwa aya kadhaa. Ndiye anayelala ndani ya lori. Ndiye anayefika Marikiti saa tisa usiku akakuta malori mengine 30 yameshatangulia na bei imeanguka. Viazi vikioza njiani hasara ni yake. Huleta fedha taslimu kijijini siku hiyohiyo, jambo ambalo baadhi ya vyama vya ushirika vya nchi hii vimelishindwa kwa miaka mingi. Nimewahi kuzungumza na mmoja akaniambia bila aibu kwamba hata yeye angependa gunia dogo, kwa kuwa kubwa linamchelewesha kupakia na mgongo wa kijana wake umeumia. Lakini akienda na magunia madogo 200, kila mtu atamtoza mara 200. Sikuwa na jibu la kumpa.

Basi lawama ziende kwenye ratiba ya ada, na tuiangalie inavyotungwa.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti kilimo, masoko, leseni za biashara na biashara ya haki. Kifungu cha 209 kinaziruhusu kutoza ada kwa huduma zinazotoa, lakini kifungu hichohicho kinaonya kwamba utozaji usiharibu shughuli za uchumi zinazovuka mipaka ya kaunti wala usafirishaji wa bidhaa nchini. Tangu serikali za kaunti zianze kazi Machi 2013, ushuru wa mazao umekuwa ukiishi kwenye ufa ulio kati ya sentensi hizo mbili. Kaunti inasema ni ada ya huduma. Msafirishaji anauliza: huduma gani? Enzi za halmashauri za zamani, chini ya sheria ya kilimo iliyofutwa, asilimia 80 ya ushuru wa mazao ilitakiwa irudi kwenye barabara na huduma za sekta ileile iliyotozwa. Mara nyingi haikurudi, tusidanganyane, lakini mkulima angalau alikuwa na kitu cha kushikia hoja yake. Leo makusanyo huingia kwenye mfuko mmoja wa mapato wa kaunti, yakachanganyika na leseni za baa na ada za maegesho, na ukitafuta shilingi ya viazi ilikokwenda ni kama kutafuta maji uliyomwaga mtoni.

Tena fedha zenyewe si nyingi kiasi cha kuogopa kuzigusa. Katika mgao wa 2021/22 serikali kuu iliigawia Nyandarua karibu shilingi bilioni 5.7 kati ya bilioni 370 za kaunti zote. Mapato ya ndani ni kijisehemu kidogo cha kiasi hicho. Kaunti ikipoteza kidogo kwenye vizuizi kwa mwaka mmoja wa kubadili utaratibu haitaanguka. Na kwa hesabu niliyoonyesha juu, ikitoza kwa kilo itapata zaidi, maana sasa hivi inatoza theluthi ya mzigo na kufumba macho kwa zilizobaki.

Jambo linalochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba mizani ya kupima lori zima ipo. Malori yanayoteremka kupitia Gilgil kwenda barabara kuu ya Nairobi na Nakuru huijua vizuri mizani ya Gilgil. Pale lori hupimwa kwa ekseli, na likizidi uzito ulioruhusiwa mwenye lori anaadhibiwa. Sababu ni kulinda lami. Sina ugomvi na lami, ilijengwa kwa fedha zetu. Lakini taifa limeweza kununua mitambo, kuajiri wapimaji wa zamu za usiku na kutunga adhabu ili barabara isibebeshwe kuliko haki yake, na limeshindwa kuweka mizani ya kuning'iniza kwenye vituo vya kukusanyia viazi.

Kuna wanaosema soko la kisasa litaleta nidhamu lenyewe. Januari 2022 migahawa ya KFC nchini iliishiwa chipsi kwa sababu shehena kutoka ng'ambo ilichelewa, na Wakenya wakapandwa na hasira: viazi vinaoza Kinangop, nyinyi mnangoja meli? Kampuni ikaahidi kutafuta viazi vya hapa. Hasira ile ilikuwa na haki yake, ila ilificha swali gumu. Mnunuzi wa namna hiyo anataka aina fulani ya kiazi, ukubwa fulani, na rekodi inayoonyesha kimetoka shamba gani na kilipigwa dawa gani. Kiazi kilichotoka ndani ya kilemba, kimechanganywa kikubwa na kidogo, kizima na kilichokatwa na jembe, kutoka mashamba manne yasiyojulikana, hakina cha kujibu. Na wakulima wengi bado hupanda vijiazi vilivyobaki msimu uliopita badala ya mbegu safi, wakapanda na magonjwa. Minyoo midogo ya mizizi ya viazi, ile inayotengeneza vifuko, iliripotiwa mara ya kwanza nchini mwaka 2015, Nyandarua hiyohiyo. Nani atatumia fedha kununua mbegu safi ikiwa kiazi bora na kiazi hafifu vinaingia gunia moja kwa bei moja?

Majirani zetu wa kusini nao hawajapona. Tanzania gunia la namna hii lina jina linalojulikana na kila mtoto, lumbesa, na Wakala wa Vipimo wa huko umelikemea miaka nenda miaka rudi. Wao ushuru wa mazao hutozwa kwa asilimia ya thamani, na mwaka 2017 waliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, wakaondoa pia ada kwa mzigo usiofika tani moja unapovuka kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Ni hatua nzuri. Lumbesa haikufa. Msomaji wa Njombe anaweza kunikosoa hapa kwamba nadharia yangu imeanguka, kama ushuru wa kwa gunia ndio mzazi wa gunia kubwa. Nakubali kwamba ni mmoja tu wa wazazi. Asilimia ya thamani nayo inahitaji mtu ajue uzito kwanza. Bila hivyo thamani inakadiriwa kwa kutazama, na tumerudi kwa karani anayezunguka lori.

Kwa hiyo nisingependa kusikia tena tangazo la kumwaga viazi barabarani. Ningependa kuona kitu cha kuchosha zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inalitaka bunge la kaunti lipitishe mswada wake wa fedha ndani ya siku 90 baada ya kupitisha ule wa matumizi, kwa hiyo mara nyingi mikutano ya maoni ya wananchi huangukia miezi ya katikati ya mwaka. Nimehudhuria mikutano hiyo. Ukumbi una baridi, wazee wamekaa mbele, vijana wa bodaboda wamesimama mlangoni, ratiba ya ada imechapishwa kwa herufi ndogo na nakala hazitoshi. Watu husimama mmoja mmoja wakazungumzia barabara ya kwao, zahanati isiyo na dawa, soko lililojengwa likabaki kukaliwa na mbuzi kwa sababu wanunuzi wako kando ya lami. Mwakilishi wadi huitikia kwa kichwa. Ukurasa wa ushuru wa mazao hupita bila mtu kuutaja, kwani wengi wanaamini ada hiyo ni shida ya mwenye lori.

Si shida ya mwenye lori. Huilipa mkulima, ndani ya kilemba.

Mstari ninaoutaka kwenye mswada huo ni mfupi: viazi vitozwe kwa kilo, na gunia la kilo 50 lililopimwa kwenye kituo kinachotambuliwa, likiwa na risiti ya uzito, lipite kizuizini kwa ada ndogo kuliko lisilo na risiti. Kaunti zinazolima viazi zipitishe mstari uleule mwaka uleule, la sivyo malori yatahama. Nairobi na Mombasa nazo zifanye vivyo hivyo kwenye malango ya Marikiti na Kongowea, kwa sababu gunia linaloadhibiwa Ol Kalou, kule Nyandarua, na kukaribishwa Kongowea litaendelea kushonwa. Broka akiona gunia dogo ni rahisi kwake, hatahitaji kuhubiriwa.

Wataniuliza fedha za kununua mizani zitatoka wapi na nani atazitunza. Karibu kila kata ya Nyandarua ina mahali pa kupokelea maziwa. Pana paa, pana karani ambaye wanachama wanamwamini au wamekwisha mfukuza, pana daftari, na pana mizani. Maziwa huisha kupokelewa asubuhi. Kuanzia saa nne mizani hiyo hukaa bila kazi hadi alfajiri ya kesho yake. Sahani yake imezoea mkebe wa lita 50. Gunia la kilo 50 linakaa juu yake sawasawa. Lenye kilemba halikai.